Viatu Alivyoshonewa Eliane

Wanawake wa Masereka walipoteremka Butembo wakati wa jua, mzigo wa viazi mgongoni na ukamba kipajini, wengi waliingia mjini sandali zikiwa mkononi. Hawakuzivua kwa kuzionea huruma. Zilikuwa zimewachoma. Sandali za plastiki zilizokuwa zinavuka mpaka kutoka Uganda zilikuwa na ukanda mgumu unaokaa juu ya kidole kidogo, na vumbi jekundu likishaingia chini ya ule ukanda, mtu alitembea kama anayesuguliwa na msasa. Wakifika sokoni walimtafuta Hadjara kabla ya kutafuta mnunuzi.

Hadjara alikuwa mzaliwa wa Beni, wa nyumba ya Waislamu. Baba yake alikuwa akikausha ngozi za mbuzi, na ni kwake alikojifunza kisu na sindano. Mume wake, Moustapha, dereva wa lori, ndiye aliyemleta Butembo. Vita vya kwanza vilipofika, askari walilichukua lori, na kwa kuwa hapakuwa na aliyejua kuliendesha, wakamchukua na Moustapha. Hakurudi. Hadjara akabaki na binti yao Nasiba na kibanda chake pembeni ya soko.

Kazi yake ilikuwa hivi. Mteja alikaa kwenye kiti, yeye kwenye kigoda, akatandika kitambaa safi magotini na kuupakata mguu wa mteja. Alipita juu yake kwa kidole gumba, polepole.

"Ni hapa?"

"Hapo, mama, hapo njo inachoma."

Aliukata ukanda wa plastiki na kuweka wa ngozi ya mbuzi, iliyolala katika mafuta ya mawese na kupondwa kwa chupa mpaka ikawa laini kama sikio. Chini ya kisigino aliweka kipande cha sponji ya godoro kuukuu. Wenye miguu inayovimba kwa jua aliwatobolea tundu la ziada, walegeze mchana na kukaza jioni. Aliwagombeza wasiokanda miguu kwa maji ya chumvi. Mama Adèle, mke wa mchungaji, alikuwa akisema kwamba tangu amjue Hadjara anaweza kusimama ibada nzima bila kumwomba Mungu aifupishe.

Vita vya pili vikabadilisha mahitaji ya wanawake. Kila mara risasi ziliposikika na soko likakimbia, barabara ilibaki imejaa sandali, kila moja peke yake, na wenyewe walirudi kesho yake na nyayo zilizopasuliwa na vioo na misumari. Hadjara akaanza kuongeza ukanda wa nyuma, unaoshika kisigino bila kukisugua. Sandali hizo hazikutoka mguuni hata mtu akiruka mtaro. Wanawake wakazipa jina, Kimbia-na-Mie, na jina hilo likafika mahali ambapo halikupaswa kufika.

Mji wakati huo ulikuwa umeshikwa na jeshi moja kati ya yale yaliyokuwa yakinyang'anyana. Mkubwa wake upande wa Rughenda alikuwa anakaa katika nyumba ya mfanyabiashara aliyekimbia. Jina lake la kweli hakuna aliyelijua. Watu walimwita Komanda. Humo ndani alikuwa na msichana wa Kalunguta anayeitwa Eliane. Alimchukua barabarani, akiwa na mama yake Rébecca, wote wawili wamebeba maparachichi. Rébecca alilikimbilia gari mpaka vumbi lake lilipotua. Eliane alitoroka, wakamkamata. Komanda akamnyang'anya viatu. Akatoroka tena, miguu mitupu, na kwa kuwa alikuwa mtoto wa shamba aliyekulia juu ya mawe, alifika mbali sana kabla hawajampata.

Komanda alikuja kibandani mchana, Eliane nyuma yake kati ya askari wawili. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akaomba maji ya kunywa.

"Mama, batu banasema weye njo unajua miguu ya banamuke."

"Njo kazi yangu, afande."

"Mutu mwenye anajua kufanya muguu isiume, anajua pia kufanya iume. Ao hapana?"

Hadjara akaiweka sindano chini.

"Angalia huyu. Nilimunyanganya biatu, akakimbia bila biatu. Ngozi yake ya chini iko kama pneu. Donc, unifanyie biatu ya talo, murefu, nyembamba kule mbele. Na ukanda hapa." Akaushika mguu wa Eliane juu ya kifundo. "Ifungwe na chuma. Asitoe hata kulala. Azowee nyumba."

"Afande, miguu itaoza."

"Itaoza ya bibi yangu. Haiko yako."

Hapo Nasiba akatokea na beseni la maji. Komanda akamtazama, kisha akamtazama Hadjara.

"Iko wa nani?"

"Mutoto wangu."

"Yaka awa," Komanda akamwambia Nasiba kwa Lingala, na msichana akasogea. "Inua kitenge kidogo, nione miguu." Nasiba akainua. Komanda akatikisa kichwa kama mtu anayechagua mbuzi. "Miguu muzuri. Mama, kama biatu itashinda Eliane kuvaa, hii miguu itavaa."

Eliane alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia kila neno.

Hadjara alishona jozi ya kwanza kwa hila. Nje viatu vilikuwa kama alivyoagizwa: visigino virefu vya mti, ncha nyembamba. Lakini ile ncha aliiacha tupu, vidole visiifikie, na chini ya ngozi ya ndani alificha sponji. Ukanda wa kifundo aliulaza katika mafuta mpaka ukalegea. Ungeweza kuvaa viatu vile ukahudumia karamu nzima.

Komanda alipokuja kuvichukua, alitia kidole gumba ndani ya kiatu na kubonyeza. Akabonyeza tena. Akacheka, akatoa kisu, akapasua ngozi ya ndani na kuivuta sponji kama utumbo wa kuku.

"Mama iko na roho muzuri," akawaambia askari.

Ilikuwa siku ya soko, wanawake wamejaa. Walimlaza Hadjara kifudifudi mbele ya kibanda chake, wakaikunja miguu yake nyayo zikatazama juu, wakampiga kwa kipande cha pneu, tairi kuukuu, alichokuwa amekikata mwenyewe kwa soli. Komanda alihesabu kwa Kifaransa, na kila alipopotea aliamuru waanze upya. Alipotea mara nyingi, kwa makusudi. Mwanamke aliyegeuza uso aligeuzwa kwa mtutu wa bunduki atazame. Mama Adèle alitazama. Nasiba alitazama. Walipomaliza, Komanda aliweka vile viatu vilivyopasuliwa karibu na uso wa Hadjara.

"Fanya ingine. Ya kweli."

Jozi ya pili aliishona akiwa amepiga magoti, maana nyayo hazikuwa za kusimamia. Hakuongeza hila yoyote. Alimwona Nasiba akipita huku na huku, akaiona miguu yake, akaendelea kushona. Vilikuwa viatu vilivyoshonwa vizuri, na ubaya wake ulikuwa huohuo: hakuna uzi ambao ungefumuka, hakuna ukanda ambao ungekatika wenyewe.

Wakampeleka Rughenda akamvalishe msichana. Eliane alikuwa amekalishwa kwenye kiti sebuleni, askari mmoja amemshika kichwa kwa nywele, mwingine mabega. Hadjara akaingiza mguu wa kwanza, vidole vikapanda juu ya vidole. Akaleta ukanda juu ya kifundo, akaweka kijipini cha chuma kwenye tundu, akashika nyundo. Mkono ukamkatalia.

"Mama," Eliane akasema, "ule mutoto anaitwa nani?"

"Nasiba."

"Kaza basi."

Hadjara akagonga chuma pande zote mbili mpaka kikalala. Akafanya vilevile kwa mguu wa pili. Komanda akamsimamisha Eliane, akamwachia, Eliane akaanguka, na wote waliokuwa mle ndani wakacheka isipokuwa Hadjara. Hata yeye baadaye alimwambia Nasiba kwamba hakuwa na hakika kama mdomo wake haukucheka, kwa woga.

Siku zikawa wiki. Komanda alipokuwa na wageni, Eliane ndiye aliyepeleka bia, na wageni waliigiza mwendo wake wakitoka. Wakati fulani Hadjara aliitwa kupanua tundu, kwa sababu kifundo kilikuwa kimevimba na ukanda umezama katika nyama hata hauonekani. Aliomba maji ya chumvi amkande.

"Chumvi iko ya chakula," Komanda akasema.

Baadaye harufu ikaanza kumkera. Akamwondoa Eliane chumbani, akamweka katika stoo nyuma ya jiko, akaleta mwanamke mwingine. Viatu hakuvitoa. Alivisahau, kama mtu anavyosahau ufunguo mlangoni.

Jeshi jingine lilipokuja kutoka upande wa Beni, mapigano yalianza alfajiri karibu na uwanja wa ndege. Jua lilipopanda, watu wa Komanda walikuwa wanakimbilia kusini, na mji mzima unakimbia kila upande. Hadjara alimkabidhi Nasiba kwa Mama Adèle, akachukua koleo, akaenda kule watu walikotoka. Nyayo zake zilikuwa zimepona vibaya. Alitembea kwa pembeni za miguu.

"Mama Nasiba, unaenda wapi? Masasi iko kule!" mtu akampigia kelele, akimwonyesha risasi zinakolia.

Hakugeuka.

Nyumba ya Komanda ilikuwa imejaa majirani. Walikuwa wanabeba magodoro, sufuria, milango. Mlango wa stoo ulikuwa na kufuli, na ndani Eliane alikuwa anaita. Wote walimsikia. Waliingia na kutoka, wakipita mbele ya ule mlango, na mwanamke mmoja aliinama mbele ya Hadjara akachukua bidoni la maji lililokuwa limeegemezwa pale, akaenda nalo.

Hadjara akaling'oa komeo kwa koleo. Mle ndani aliziba pua, kisha akaona haya, akaachilia. Alikata vijipini vya chuma. Alipofungua ukanda, ngozi ya kiatu na ngozi ya mguu zilikuwa zimekwisha kuwa kitu kimoja, zikatoka pamoja. Eliane hakulia. Aliuma kitenge cha Hadjara begani mpaka kikatoboka.

Nje palikuwa na kijana mmoja, Kambere, anayepakia magunia ya unga aliyoiba juu ya chukudu, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili. Hadjara akamwomba awabebee msichana.

"Niko na muzigo, mama."

Hadjara akamnyanyua Eliane na kumlaza juu ya magunia. "Basi umutupe weye mwenyewe. Mie sitamutoa."

Kambere akamtazama msichana, akatema mate, akasukuma.

Kwenye kituo cha afya, muuguzi Ésaïe alikata vidole vinne vya mguu wa kulia. Cha gumba kilibaki. Mguu wa kushoto haukukatwa kitu, lakini ulikuwa umekaa juu ya kile kisigino kirefu mpaka mshipa wa nyuma ukakauka mfupi. Kisigino cha Eliane hakikugusa tena chini. Alisimama kama mtu aliyevaa talo, hata akiwa miguu mitupu.

Rébecca alifika kutoka Kalunguta na mfuko wa maharage. Walipomwambia nani amemtoa binti yake stoo, akaanguka kwenye miguu ya Hadjara, akaishika mikono yake na kuibusu.

"Wasingya, mama. Wasingya kutsibu. Mungu akuone."

Hadjara akazipokea shukrani zile, na maharage akayapokea. Eliane alikuwa kitandani anatazama. Alimtazama Hadjara akishukuriwa mpaka mwisho.

Kiangazi kilichofuata, mama na binti walianza kuteremka sokoni na vitunguu. Siku ya kwanza Eliane alimwacha mama yake na mizigo, akaja kwa fimbo mpaka kibandani kwa Hadjara. Wanawake waliokuwa wanangoja walimpisha. Akaketi kwenye kiti cha wateja, akaunyoosha mguu uliokatwa vidole na kuuweka juu ya magoti ya Hadjara.

"Nifanyie biatu."

Hadjara akapima. Alifanya kazi ile mpaka soko lililofuata, na waliokuwa wakimfahamu wanasema hajawahi kushona kitu kama kile. Kiatu cha kushoto alikiinua kwa matabaka ya pneu mpaka kisigino kikapata mahali pa kupumzika. Cha kulia alikijaza sponji mbele, kwa umbo la vidole visivyokuwapo, na kukizungushia ngozi laini kuliko zote alizokuwa nazo. Eliane akavaa. Akasimama, akaenda mpaka kwa muuza chumvi na kurudi, bila fimbo. Mwendo ulikuwa karibu wa mtu mwenye miguu mizima. Wanawake wakaanza kupiga vigelegele.

Eliane akaketi, akavua.

"Inauma."

"Inauma wapi, mutoto wangu?"

"Miye hapana mutoto yako. Inauma."

Hadjara akafumua, akaanza upya. Soko lililofuata Eliane akavaa, akatembea vizuri, akavua. Inauma. Ikawa hivyo kila siku ya soko. Alikaa kwenye kile kiti kuanzia asubuhi, mguu wake juu ya kitambaa cheupe, na wateja walipokuja waliuona. Wengine waliuliza kilichompata, naye aliwaeleza bila kupandisha sauti, akamwonyesha Hadjara kwa kidole: huyu ndiye aliyeshona, huyu ndiye aliyegonga chuma. Wengine walijua habari nzima na walijaribu kumtetea Hadjara. Wengi walichukua sandali zao wakaenda kwingine. Hadjara hakumwambia aondoke. Alimletea chai.

Nasiba ndiye aliyeshindwa. Asubuhi moja aliutupa ufagio.

"Inakutosha! Naona uko natembea muzuri, soko yote inaona! Na weye mwenyewe ulimuambia akaze. Mama aliniambia. Ulisema kaza basi!"

Eliane akamgeukia. Ilikuwa mara ya kwanza amtazame Nasiba tangu siku ile ya beseni, na alianzia miguuni.

"Nilisema. Mutu alikuwa amenishika nywele, mama yako iko na nyundo. Ulitaka niseme nini? Niseme wakuchukue?"

Nasiba akafungua mdomo amjibu.

"Nyamaza, Nasiba," Hadjara akasema, huku bado anatia uzi katika sindano. "Lete maji ya chumvi, nimukande."

Rébecca alikuja kujua ukweli kwa wanawake wa soko, kama ilivyokuwa lazima. Alikuja mara moja tu. Alisimama mbele ya kibanda, akaitazama mikono aliyokuwa ameibusu, akamwambia binti yake kwa Kinande waondoke. Eliane akakataa. Rébecca akarudi kwenye vitunguu vyake na hakupita njia ile tena.

Nasiba aliolewa na mchuuzi wa Beni, akaondoka amewakasirikia wote wawili, mama yake na Eliane. Kibanda kikabaki na mteja mmoja. Amani ilipotiwa sahihi huko mbali, barabara zikafunguka, viatu vya bei rahisi vikaja kwa malori, na hata wanawake wa Masereka wakaacha kumtafuta mtu wa kuwalainishia. Hadjara alikuwa anaishi kwa kile Mama Adèle alichomletea. Mwishoni Nasiba akatuma ujumbe: njoo Beni, utunze wajukuu.

Siku ya safari ilikuwa siku ya soko. Hadjara alikuwa ameshapanda juu ya lori, kati ya magunia, Eliane alipofika kwa fimbo yake na kukuta kibanda kimefungwa. Akalifuata lori mpaka ubavuni, uso umemjaa hasira.

"Unaenda? Na mie nani atanifanyia?"

Hadjara akafungua mzigo wake, akatoa jozi ya mwisho, akainama na kumpa. Alitaka kusema kitu. Dereva akawasha mashine, na kama alikisema, hakikusikika.

Lori lilipokata kona, Eliane alivirusha viatu kwenye mtaro wa barabara, kimoja kimoja. Kisha akasimama pale, akiegemea fimbo. Watu wa soko walikuwa wanatazama. Baada ya muda akakaa chini ukingoni, akateremsha mguu mmoja, halafu mwingine, akaanza kushuka mtaroni kwa makalio, akishika majani. Ilimchukua muda mrefu. Hakuna aliyekwenda kumshika mkono, kwa sababu hakuna aliyejua, kati yake na Hadjara, amwite nani mwema na nani mbaya. Alivipata vyote viwili. Akavipangusa vumbi kwa kitenge, akavifunga ndani yake, akapanda juu na kuelekea kwenye vitunguu vya mama yake, miguu mitupu.